Alhamisi ya Ukaguzi

Saa nane na dakika chache za mchana, Wilfried alimshika mama yake mkono, akamvusha uwanja wa nyuma polepole kwa sababu ya mguu wake uliovimba, akamwingiza katika boyerie na kumfungia kwa ufunguo. Boyerie ni kile kijumba cha nyuma ambamo Wabelgiji walikuwa wakiwalaza watumishi wao. Siku hizi kila familia ya Kambi ya Juu huweka humo makala ya kupikia, ndoo na baiskeli mbovu. Emerance alisimama kwenye mlango wa jikoni na sahani mkononi, akaona yote. Alimwona mume wake akiujaribu mlango mara mbili kuhakikisha umefunga. Alimwona akitia ufunguo katika mfuko wa shati na kuupapasa kwa nje, kama msafiri anavyopapasa tiketi yake.

"Amekubali mwenyewe," Wilfried alisema kabla hajaulizwa.

Ni kweli, alikuwa amekubali. Mama Adolphine alikuwa amesema hana neno, kwamba mule ndani kuna ubaridi mzuri, kwamba atasali rozari yake na usingizi ukimjia atalala. Alikuwa hata amewashukuru kwa gunia la kukalia. Hilo ndilo lililomchoma Emerance zaidi. Laiti mama mkwe angegoma, angalau mtu mmoja katika nyumba ile angekuwa amegoma.

Kambi ya Juu ina nyumba kumi na mbili zilizojipanga kilimani, baraza zote zikitazama ziwa. Zilijengwa miaka ya hamsini kwa ajili ya makarani wa wakati ule, na kampuni ya maghala ya bandarini iliyozirithi huwapa makada wake, wale maofisa wenye vyeo. Pamoja na nyumba, kampuni ilirithi Daftari. Zamani hizo mabibi wa Kibelgiji waliwakusanya wake wa makarani, wakawafundisha kupiga pasi, kutandika meza na kumpokea mume jioni, na kila somo wakaliandika. Wabelgiji walikwenda zao, Daftari likabaki. Lilipigwa taipu upya, likatolewa fotokopi, na sasa lilikuwa limeingia hata kwenye simu, katika kikundi cha WhatsApp cha Mama wa Kambi, ambamo asubuhi yoyote ungeweza kukuta picha ya kamba yako ya nguo, na gaguro lako limezungushiwa duara jekundu.

Daftari lilitaka mapazia ya mbele yawe rangi ya maziwa. Lilikataza kuanika samaki, kufuga kuku, na kutwanga kitu chochote baada ya saa sita. Mke wa kada hakuruhusiwa kubeba mzigo kichwani ndani ya Kambi, wala kufanya kazi ya mshahara nje, maana kazi yake ilikuwa nyumba. Ndiyo sababu Emerance aliliacha darasa lake la watoto wa mwaka wa tatu, watoto arobaini na wanane, akaja kukaa kilimani kusubiri saa kumi na moja ifike, avae viatu, asimame barazani na kutabasamu. Na ndugu, awe wa mume au wa mke, hakupaswa kulala zaidi ya siku tatu. Mama Adolphine alikuwa amelala siku nne.

Kila Alhamisi Komite ya wake ilikagua nyumba moja, ikiongozwa na Mama Myriam, mke wa Direkta wa kampuni. Familia mpya ilipewa miezi sita ya kujaribiwa, halafu alama. Ukipata chini ya sabini unatoka, na mumeo anarudishwa kwenye cheo cha zamani, kwa sababu Direkta aliamini kwamba mwanamume asiyeweza kutengeneza nyumba hawezi kutengeneza ghala. Aliyekuwa akisubiri nyumba ya Wilfried aliitwa Célestin. Kila Jumapili baada ya Misa, Célestin aliwasalimu kwa heshima na kuwauliza kama paa linavuja.

Emerance alianza kuiogopa Kambi siku ile jirani yake, Mama Joëlle, alipomsimulia jinsi mume wake wa kwanza alivyokufa. Alikufia kitini, siku ya Alhamisi, saa moja kabla ya ukaguzi. Mama Joëlle alimfunga kidevu kwa leso, akafuta vumbi, akabadilisha mapazia, akapanga vikombe, ndipo akatoka barazani kupiga yowe. "Nilimwambia marehemu anisubiri kidogo," alisema, bila kucheka. Alipata alama tisini na mbili. Baadaye aliolewa na kada mwingine wa kambi ileile, na sasa ndiye alikuwa mwandishi wa Komite.

Wilfried hakuwa mtu wa Daftari wakati Emerance alipompenda. Walikutana katika treni iliyotoka Kabalo ikaharibika porini siku mbili. Yeye alikuwa msichana wa Kiambi anayekuja kusomea ualimu, na Wilfried alikuwa kijana mwenye mfuko mmoja wa karanga, ambao aliugawa kwa behewa zima akabakiwa na punje sita. Tatu akampa. Alikuwa na kicheko kikubwa kilichoamsha watoto wa watu. Mama Adolphine alimkataa binti huyo mara tatu. Alisema watu wa Kiambi wamezoea samaki wa mtoni, hawajui ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mwanamke asiyejua kuanika ndagala atamfanyia nini mtoto wake. Siku ya harusi alivaa nguo nyeusi. Wilfried alisimama mbele ya ukoo wote akasema kama si Emerance basi hakuna.

Mtu huyo Emerance alikuwa akimtafuta miezi sita katika nyumba ya kilimani, na kila jioni alirudi mwingine, aliyevua viatu kimya na kuuliza kama Komite imeandika kitu kwenye simu.

Jumamosi iliyopita Mama Adolphine aliteleza juu ya mawe ya ufukweni na beseni lake la samaki, mguu ukavimba, na daktari akasema asitembee mwezi mzima. Jumapili, wake wote wa Kambi wakiwa Misa, Wilfried alimpandisha kilimani kwa moto, pikipiki ya kukodi. Emerance alimpa kitanda. Mama mkwe alikaa jikoni kwake siku nne, akikosoa kila kitu tangu kisu hadi moto, na bado Emerance aliona siku zile zilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kukaa pale.

Komite ilifika saa tisa kamili, wanawake wanne waliovaa viatu vya kisigino. Mama Myriam alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini, na upole wake ndio uliokuwa ukitisha. Alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakitazama, akasema vizuri. Akafungua makabati, akanusa shuka. Akaketi, akapokea chai, akamuuliza Emerance anafanya nini mume wake anaporudi kutoka ofisini na hasira za biro.

"Natabasamu, Mama."

"Kwa meno ao bila meno?"

"Bila meno."

Mama Myriam aliitikia kwa kichwa, na Mama Joëlle akaandika. Wilfried alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, jasho limemtoka juu ya mdomo. Mama Joëlle alijumlisha, akasoma alama themanini na moja.

Wilfried alimgeukia mke wake. Kwa mara ya kwanza tangu wahamie pale, alimtazama kama alivyomtazama katika lile behewa, macho yake yote yakiwa kwake, kama vile hakuna mtu mwingine chumbani. Emerance aliona aibu jinsi mwili wake ulivyoupokea mtazamo ule. Shingo ilimwaka moto. Aliwaza kwamba labda wakishaondoka hawa mume wake atarudi, labda zilikuwa zimebaki dakika tano tu. Akamtabasamia, na meno yakaonekana.

Ilibaki kukagua uwanja wa nyuma. Mama Myriam alitaka kuona mfereji wa maji machafu, wote wakatoka pamoja naye. Walikuwa wamesimama kando ya mfereji huo wakiusifu, wakati mtu alipokohoa katika boyerie.

"Kuko nani mule?" Mama Myriam aliuliza.

"Hakuna muntu, Mama," Wilfried alijibu haraka. "Njo kuku tu."

Emerance alimtazama mume wake, naye akatazama mfereji. Kisha nyuma ya ule mlango, sauti ikaanza, kwanza ndogo na ya kusitasita, halafu ikapata nguvu. Ko, ko, ko. Ko-ko-ko-koo. Ilikuwa kazi safi, ya mwanamke aliyefuga kuku miaka sitini na kuwajua mmoja mmoja.

Mke mmoja wa Komite alitazama mbinguni. Mama Myriam alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza somo kanisani, kisha akasema kwa masikitiko kwamba kuku pia wamekatazwa, ni alama tano.

"Sabini na sita," alisema Mama Joëlle.

"Tutamuchinja kesho, Mama," alisema Wilfried.

Sauti ndani ya boyerie ikakatika.

Emerance alinyoosha mkono. Alimwambia mume wake ampe ufunguo. Wilfried alimnong'oneza, midomo yake ikitabasamu bila meno, kwamba wamekwisha kushinda, kwamba avumilie kidogo tu. Emerance hakurudia. Alimwendea, akaingiza vidole katika mfuko wa shati lake, na chini ya kitambaa akasikia moyo wake ukienda mbio. Baadaye angeifikiria sana dakika ile. Wilfried hakumzuia, wala hakumsaidia. Alisimama tu kama mtu anayepimwa nguo.

Mlango ulipofunguka, Mama Adolphine alikuwa ameketi juu ya gunia lake, rozari mkononi, makala yamempaka shavu moja. Jua lilimpiga usoni akafumba macho.

"Karibuni, Mama zangu," alisema. "Munisamehe, siwezi kusimama. Mguu njo unanisumbua."

Yule mke aliyekuwa akitazama mbinguni alitoa kicheko puani, kisha akaanza kulia, akaenda kusimama mbali. Mama Myriam aliinama, akamsalimu mama mzee kwa mikono miwili, kwa kuwa Daftari linaagiza wazee wasalimiwe. Halafu akageuka kumuuliza Wilfried siku ngapi. Wilfried alisema nne. Basi, akasema Mama Myriam, ndugu kuzidisha siku ni alama kumi. Lakini haki ni haki, kwa kuwa hakuna kuku, zile tano zirudishwe.

Mama Joëlle alifuta, akaandika, akahesabu kwa midomo. "Sabini na moja," alisema.

Uso wa Wilfried uling'aa. Ilikuwa nusu dakika tu, pengine pungufu. Mama yake alikuwa akifuta makala shavuni kwa ncha ya kitenge, mke wake alikuwa amepiga magoti kumsaidia, na yeye uso wake uling'aa kwa sababu sabini na moja imezidi sabini. Mambo mengine yote ya siku ile Emerance angeweza kuyatafutia sababu. Hilo hakuweza.

Ndipo Mama Myriam, kwa ile sauti yake ya chini, alipoeleza kwamba uongo kwa Komite hauna alama. Uongo hupelekwa kwa Direkta.

Walipoondoka, mume na mke waligombana sebuleni bila kupaza sauti, kwa sababu kuta za Kambi ni nyembamba na wote wawili walikuwa wamezoea. Wilfried alisema yeye hakumwonea mtu, mama alikubali, kila mtu alikubali, isipokuwa mke wake aliyeshindwa kungoja. Alisema amefanya kazi miaka tisa kufikia nyumba yenye bomba la maji ndani. Alimuuliza anafikiri haya yote ni kwa ajili ya nani.

"Ulisema utamchinja," Emerance alimjibu.

"Ni maneno tu. Ulitaka niseme nini?"

"Ulitakiwa useme 'ni mama yangu.' Ni maneno pia."

Wilfried alikwenda dirishani, akanyoosha pazia ambalo lilikuwa limenyooka. Emerance alimtazama mgongo, ule mgongo alioujua kwa mikono yake kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe, akangoja ugeuke. Alihesabu hadi thelathini. Kisha akaingia chumbani kufunga nguo.

Alitoka Kambini na mfuko kichwani, akipita nyumba zote kumi na moja, na mapazia yote ya rangi ya maziwa yakawa yanacheza. Mama Adolphine alimtangulia juu ya moto, akimwambia dereva aende polepole ili mwenzake asiachwe. Lakini asidhaniwe kwamba alikuwa akimshukuru. Walipofika nyumbani kwake, ng'ambo ya mto Lukuga, katika chumba na sebule kando ya ziwa, alimkaripia Emerance mpaka giza likaingia. Alimwambia mwanamke mwenye akili angenyamaza. Kuwa kuku dakika kumi kumemuua nani, na mtoto wake angepata nyumba.

"Nilikuwa nimeanza kuzoea mule," alisema. "Wewe njo umetuharibia."

Emerance alilia usiku kwa hasira, hakujua ni hasira ya nani. Alikuwa amepoteza mume kwa kumtetea mtu ambaye hakutaka kutetewa. Mama mkwe alimsikia, akajisogeza kwa taabu, akampa nusu ya mkeka na nusu ya shuka, akaendelea kumlaumu chini chini hadi usingizi ukamchukua katikati ya neno.

Wilfried alikuja Jumamosi alasiri. Emerance alimwona kwa mbali akitembea juu ya mchanga na viatu vya biro, na kabla hajakumbuka kwamba amekasirika, mkono wake ulikuwa umekwenda kichwani kurekebisha kitambaa. Alikuwa amepungua. Shati lake lilikuwa halijapigwa pasi. Alisimama upande wa pili wa ndagala zilizoanikwa, wakaulizana habari kama majirani.

Alikuwa na barua ndani ya karatasi ya plastiki. Direkta, alieleza, alikuwa tayari kusamehe. Ilihitajika tu barua ya mke, na saini. Yeye ameiandika tayari ili asimsumbue. Emerance alijifuta mikono, akaisoma. Ilikuwa imepigwa taipu vizuri, na ilisema kwamba mama mkwe ana ugonjwa wa akili unaomfanya ajione mnyama, ndiyo maana walilazimika kumtenga, kwa usalama wa Kambi.

Aliisoma mara mbili. Halafu akamrudishia, akamwambia aingie ndani akamsomee mama yake, na kama ataimaliza, yeye atasaini.

Wilfried alisema hiyo si haki. Lakini aliingia. Mama Adolphine alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, akafurahi kumwona mtoto, akamuuliza kama amekula. Wilfried alikaa kwenye kigoda, akaanza kusoma kwa sauti ya ofisini, imara, na Emerance akabaki mlangoni akimwangalia mdomo. Alipofika kwenye ugonjwa wa akili sauti ilishuka. Alipofika kwenye mnyama ilikuwa haisikiki.

"Munyama gani?" aliuliza Mama Adolphine.

"Haikuandikwa, Mama."

"Andika kuku. Wasije wakafikiri ni kitu kibaya."

Mdomo wa Wilfried ulitetemeka. Emerance aliona kile kicheko kikubwa kikipanda, kikafika kooni, kikamfungua mashavu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Aliona machozi pia. Kicheko na machozi vilikuwa vinakuja pamoja, na kama vingetoka, vyovyote kati ya hivyo, Emerance angemkumbatia palepale na kumaliza maneno. Alisogea hatua moja. Wilfried alimeza. Akavuta pumzi, akanyoosha karatasi juu ya goti, akasoma mpaka mwisho.

Mama yake aliomba kalamu. Alisema kama sahihi ya mke ina shida, wao wachukue kidole chake, maana kichaa ni yeye.

"Hakuna atakayesaini," Emerance alisema.

"Uliahidi," alisema Wilfried.

"Nilidhani hutamaliza."

Alimsindikiza nje. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, ukirusha mchanga juu ya samaki. Wilfried alimwambia kwamba Jumatatu Célestin ataleta vitu vyake. Alisema sasa kwa sauti nyingine, sauti ya chumbani, kwamba hali chakula, kwamba nyumba ni kubwa, kwamba jioni anapofika barazani hakuna mtu.

"Nakupenda, Wilfried," Emerance alimwambia. "Hilo halijapungua hata kidogo, na ndilo linaloniudhi. Ningekuwa sikupendi, ningesaini."

Wilfried alinyoosha mkono, akagusa kidole chake kimoja tu, kile cha pete, akakishika kama mtu anayeshika kitu cha moto. Emerance hakukiondoa. Walisimama hivyo mpaka wanawake waliokuwa wakipita na mabeseni walipoanza kupunguza mwendo. Kisha Wilfried akamwachia, akaenda zake na barua yake. Emerance alisema moyoni kwamba akigeuka, atamkimbilia. Hakugeuka. Emerance alikaa chini akageuza ndagala zilizokuwa zimekwisha kugeuzwa.

Jumapili hakuja. Jumatatu hakuja. Emerance alikwenda Misa, akarudi, akapika, akapokea lawama za mama mkwe kuhusu chumvi, na kila pikipiki iliyovuka daraja aliisikia. Alikuwa na hasira na Wilfried kwa kutokuja, na hasira na nafsi yake kwa kusikiliza.

Jumanne mchana, alipokuwa akiosha masufuria, alimwona. Alikuwa anasukuma pusu-pusu la kukodi, lile rikwama la magurudumu mawili la vijana wa sokoni, akizama mchangani kila hatua mbili. Juu yake kulikuwa na godoro la Kambi, masanduku mawili, sufuria na feni. Hakuwa na viatu vya biro. Alikuwa ameikunja suruali mpaka magotini na jasho limemloanisha kifua.

Emerance alisimama. Moyo ulimwambia usiulize, mpokee. Akauliza.

"Wamekufukuza, au umeondoka mwenyewe?"

Wilfried aliuweka mpini chini. Alimtazama, na safari hii macho yake hayakwenda pengine.

"Wamenifukuza," alisema.

Emerance alingoja aongeze kitu, naye akaongeza, lakini si kile alichokitaka. Jana alikwenda kwa Mama Myriam mara mbili. Mara ya kwanza hakufunguliwa. Mara ya pili alifunguliwa, akaomba tena, akasema atamleta mke wake asaini kwa nguvu au kwa hiari. Mama Myriam alimjibu kwa upole kwamba mke wa Célestin ameshatundika mapazia.

"Ungeniambia umeondoka," Emerance alisema. "Ningeamini."

"Najua. Njia nzima kutoka kilimani nilikuwa naipanga hiyo sentensi. Ilikuwa imekaa vizuri."

"Basi kwa nini hukuisema?"

Wilfried alifikiri. "Nimechoka kusema vizuri," alisema.

Emerance alitaka kumpiga na sufuria. Alikuwa amemwombea siku tano achague, na sasa alikuwa amekuja bila kuchagua, ameletwa kama mzigo uliokataliwa bandarini, na kitu pekee alichokuwa nacho mkononi ni ukweli ambao haumsaidii. Aliutafuta moyoni mwake mlango wa kumfungia. Aliutafuta kwa bidii, maana alistahili.

"Kuko nani?" Mama Adolphine aliita kutoka ndani.

"Njo mimi, Mama," alijibu Wilfried.

"Uko na njaa?"

"Niko nayo."

Pusu-pusu liliinama upande, na godoro likaanza kuteleza kuelekea mchanga uliolowa. Emerance aliliwahi. Alilishika kwa ncha moja, akakuta Wilfried ameshika nyingine, na wakawa wamesimama na godoro lile katikati yao.

"Sijakusamehe," alimwambia.

"Sawa."

"Na kesho narudi shuleni kuomba darasa langu. Wewe utabaki hapa na mama yako, utageuza ndagala, na atakuambia hujui."

"Sawa."

"Inua basi. Usiburute."

Walilipeleka mlangoni. Godoro lilikuwa limenunuliwa kwa chumba cha kilimani, pana kuliko mlango wa nyumba ile, likakwama nusu ndani nusu nje. Emerance alikuwa ndani, hamwoni mume wake, anasikia tu pumzi zake upande wa pili. Mama Adolphine alitoa maagizo kutoka kitandani, kwamba walikunje, kwamba si hivyo, kwamba watu wa Kiambi hawajui kuingiza godoro. Emerance alimwambia Wilfried asukume. Akasukuma. Alimwambia asukume kwa nguvu zaidi, kisha akaegemeza mguu ukutani na, kwa hasira zake zote, akavuta.